Gesi inapogonga uso wa yabisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa sekondari ya juu au chuo, mwalimu wake, na fundi anayefanya kazi na ombwe (nafasi iliyotolewa hewa). Jambo moja litajirudia karibu katika kila jibu: kiasi cha nishati ambacho gesi na ukuta hupokezana hakiamuliwi na gesi peke yake. Kinaamuliwa na gesi, ukuta, na uchafu uliotanda juu ya ukuta huo, vyote kwa pamoja. Hili husahaulika sana, na kulisahau kumeharibu vipimo vingi.

Tulifundishwa kwamba molekuli hudunda ukutani bila kupoteza nishati. Je, si kweli?

Ni kweli kwa wastani tu, tena pale gesi na ukuta vinapokuwa na halijoto moja. Hapo nishati inayoingia ukutani kila sekunde inalingana na inayorudi, kwa hiyo hesabu ya shinikizo hutoka sawa hata ukichukulia kwamba kila molekuli imedunda kikamilifu.

Molekuli mojamoja hazifanyi hivyo. Moja inafika kwa kasi na kuondoka polepole. Nyingine inanata kwa muda, kisha inatoka upande usiotarajiwa. Nyingine inaondoka na kasi kubwa kuliko iliyokuja nayo, kwa sababu atomi ya ukuta iliyokutana nayo ilikuwa ikitetemeka kuelekea nje wakati huohuo. Ukuta hautulii kamwe. Atomi zake zinacheza mahali pake mara kama 10¹³ kwa sekunde.

Dhana ya kudunda tu inavunjika mara ukuta unapokuwa na joto tofauti na gesi. Kama hakuna molekuli ambayo ingebadilisha nishati yake kwa kugusa ukuta, pasi ya moto isingepasha hewa inayoigusa hata kidogo.

Migongano hiyo ni mingi kiasi gani?

Molekuli za naitrojeni ndani ya chumba huenda kwa wastani wa karibu mita 475 kwa sekunde. Katika shinikizo la usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba ya ukuta hupigwa karibu mara 3 × 10²³ kwa sekunde. Atomi zilizo kwenye tabaka la juu kabisa la eneo hilo ni kama 10¹⁵. Ukigawanya, kila atomi ya juu inapigwa mara milioni 300 hivi kwa sekunde.

Hata hivyo, kati ya pigo moja na linalofuata atomi hiyo hupata muda wa kutetemeka makumi ya maelfu ya mara. Ndiyo maana wanasayansi wanaweza kuchunguza mgongano mmoja kama tukio linalojitegemea.

Molekuli ikifika kwenye uso, nini hasa kinatokea?

Kwanza huvutwa. Ikiwa imebakiza umbali wa atomi chache, nguvu za van der Waals (mvuto hafifu wa umeme kati ya atomi na molekuli) huivuta kuelekea ukutani na kasi yake huongezeka. Kisha hukutana na msukumo mkali wa elektroni za ukuta, na hapo ndipo hupoteza au kupata nishati. Baada ya hapo kuna njia tatu.

Ya kwanza, inarudi bila kubadilisha nishati yake. Hii hutokea zaidi kwa gesi nyepesi sana kama heliamu, juu ya fuwele safi na laini.

Ya pili, inarudi mara moja lakini imeacha au imechukua sehemu ya nishati. Tukio zima huisha ndani ya pikosekunde moja hivi, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Molekuli za namna hii bado zinakumbuka zilikotoka: nyingi huelekea upande uleule ambao mwanga ungeakisiwa, ila zimetawanyika kuuzunguka.

Ya tatu, inapoteza nishati kiasi kwamba haiwezi tena kuushinda mvuto ulioivuta. Imenaswa. Inatangatanga juu ya uso, inapokea joto la ukuta, na baadaye mtetemo mmoja wenye nguvu unaitupa nje. Ikitoka hapo haina kumbukumbu yoyote ya kasi wala pembe iliyokuja nayo.

Iliyonaswa hukaa muda gani?

Inategemea ukubwa wa nguvu inayoishika na halijoto ya ukuta, na tofauti zake ni za kutisha. Tuchukue ukuta wa nyuzi 27 za Selsiasi. Molekuli inayoshikwa kwa elektronivolti 0.1 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati, kinachofaa kwa atomi mojamoja) hukaa pikosekunde 5 hivi. Inayoshikwa kwa elektronivolti 0.5 hukaa mikrosekunde 25. Inayoshikwa kwa elektronivolti 1 hukaa karibu saa 2. Nguvu imeongezeka mara 10 tu, lakini muda umeongezeka mara zaidi ya trilioni moja. Hesabu ni rahisi: chukua muda wa mtetemo mmoja, yaani sekunde 10⁻¹³, uzidishe kwa e iliyopandishwa kipeo cha nishati ya mshiko gawanya kwa kT, yaani halijoto ya ukuta katika kelvini ikizidishwa na namba thabiti ya Boltzmann.

Anayesafisha chombo cha ombwe kwa kukipasha joto anaitumia fomula hiyo, ajue asijue. Mvuke wa maji unaonata kwenye kuta za chuma kwa saa nyingi hutoka upesi chombo kikipashwa nyuzi 150 au 200.

Kwa nini gesi nyepesi hutoa nishati kidogo?

Ukirusha gololi ndogo kwenye jiwe zito inarudi na karibu mwendo wake wote; ukiirusha kwenye gololi ya uzito wake, yako inasimama na ile nyingine inaondoka na nishati yote. Bernhard Baule aliandika hesabu hii kwa ajili ya gesi na yabisi mwaka 1914. Ikiwa μ ni uzito wa atomi ya gesi gawanya kwa uzito wa atomi ya ukuta, sehemu ya nishati inayohama katika pigo la uso kwa uso ni 4μ/(1+μ)².

Jaribu mwenyewe. Heliamu ikigonga tangsteni, μ ni 4/184, na jibu ni asilimia 8 hivi. Argoni ikigonga tangsteni ileile, asilimia 59. Zenoni ikigonga platinamu, asilimia 96.

Fomula hii ina mapungufu. Inachukulia kwamba atomi ya ukuta imetulia na haijashikwa na jirani zake, na inasahau mvuto unaoiongezea molekuli kasi kabla ya kugonga. Lakini inapanga gesi katika mfuatano sahihi, na mimi huwashauri wanafunzi waanze nayo kabla ya kugusa programu yoyote ya kompyuta.

Kizigeu cha mwafaka ni nini?

Ni namba inayosema gesi imekaribia kiasi gani kukubaliana na joto la ukuta baada ya kuugusa mara moja. Tuseme gesi inafika ikiwa na nyuzi 100, ukuta una nyuzi 20, na gesi inaondoka ikiwa na nyuzi 60. Imepita nusu ya njia, kwa hiyo kizigeu ni 0.5. Ikiondoka na nyuzi 20 kamili, kizigeu ni 1. Ikiondoka na 100 zake, ni 0.

James Clerk Maxwell alitangulia na wazo la karibu mwaka 1879. Alipendekeza kwamba tuchukulie sehemu fulani ya molekuli zinaakisiwa kama kwenye kioo, na zilizobaki zinamezwa na kutolewa upya kwa joto la ukuta. Marian Smoluchowski alionyesha mwaka 1898 kwamba gesi iliyo hafifu haina joto moja na ukuta hata pale inapougusa. Kuna mruko wa halijoto mpakani. Martin Knudsen wa Copenhagen ndiye aliyekigeuza kizigeu hiki kuwa kitu cha kupimwa, mwanzoni mwa karne ya 20.

Ni vizuri kukumbuka kwamba kizigeu kimoja hakitoshi kwa molekuli zenye atomi zaidi ya moja. Mwendo wake, kuzunguka kwake na mtetemo wa ndani kila kimoja kinakubaliana na ukuta kwa kasi yake.

Kwa nini vitabu tofauti vinatoa namba tofauti kwa gesi ileile na metali ileile?

Kwa sababu mara nyingi metali haikuwa ileile. Hapa ndipo penye uzito wa somo hili lote.

Uso wa metali uliokaa hewani si metali. Juu yake kuna tabaka la oksidi, juu ya oksidi kuna maji, na juu ya maji mara nyingi kuna mafuta ya vidole au ya pampu. Molekuli ya gesi inayofika inakutana na tabaka hilo, ambalo atomi zake ni nyepesi na zimelegea, kwa hiyo inapoteza nishati nyingi zaidi kuliko ingepoteza kwenye metali tupu. J. K. Roberts, akifanya kazi Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipasha waya wa tangsteni hadi ukang'aa ili kuchoma kilichonata, kisha akapima haraka kizigeu cha heliamu kabla uchafu haujarudi. Kilishuka hadi chini ya 0.1, mbali kabisa na namba zilizokuwa zikipatikana kwenye waya za kawaida. Alipoacha waya ukae, namba ilianza kupanda tena. Kizigeu chenyewe kikawa kipimo cha usafi.

Uchafu hurudi kwa haraka gani? Katika shinikizo la tor 10⁻⁶, ambalo ni sehemu moja ya mia saba na sitini milioni ya hewa ya kawaida, uso safi hufunikwa na tabaka zima kwa sekunde 1 hivi ikiwa kila molekuli inayogonga inanata. Ukitaka saa chache za kufanya kazi kwenye uso safi, lazima ushuke hadi karibu tor 10⁻¹⁰. Kwa hiyo ukikutana na jedwali la vizigeu lisilosema uso ulisafishwa vipi na ombwe lilikuwa la kiasi gani, usiliamini, hata kama namba zake zina desimali nne.

Molekuli zinazotoka ukutani huelekea wapi?

Zile zilizonaswa na kusahau zilikotoka hufuata kanuni ya kosaini ya Knudsen: nyingi hutoka kuelekea moja kwa moja mbele ya ukuta, na idadi hupungua kadiri pembe inavyoinama. Sababu yake ni nzuri. Gesi iliyo katika usawa wa joto inafika ukutani kwa mgawanyo wa kosaini. Kama ingeondoka kwa mgawanyo mwingine, ukuta ungekuwa unapanga gesi upande mmoja bila kutumia nishati yoyote, na ungeweza kutengeneza mashine ya mwendo usiokoma.

Kwenye nyuso za kawaida, zenye mikwaruzo na oksidi, kanuni hii hufanya kazi vizuri mno. Kwenye fuwele safi hushindwa mara kwa mara.

Je, fizikia ya kwanta inahusika?

Inahusika moja kwa moja. Mnamo 1929 na 1930, Otto Stern na Immanuel Estermann huko Hamburg walirusha miale ya heliamu na ya molekuli za hidrojeni kwenye fuwele ya lithiamu floraidi, na wakaona vilele vya mtawanyiko katika pembe maalumu, kama inavyotarajiwa kwa mawimbi. Atomi nzima zilikuwa zimejitandaza kama wimbi juu ya safu za fuwele. Stern alipata Nobel ya Fizikia ya mwaka 1943 kwa kazi yake ya miale ya molekuli.

Kwa upande wa nishati, kwanta inaleta jambo ambalo hesabu ya Baule haiwezi kulitoa: mtetemo wa yabisi hupokea nishati kwa vipande viitwavyo fononi, moja au mbili au zaidi, na kuna uwezekano halisi wa kutopokea hata moja. Peter Toennies na wenzake huko Göttingen, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipima kasi ya atomi za heliamu zilizorudi kwa usahihi mkubwa hadi wakaweza kusoma fononi mojamoja za uso. Heliamu ni chombo bora kwa kazi hiyo kwa sababu haiingii ndani ya fuwele wala haiuharibu uso.

Nishati yote huishia kwenye mitetemo ya ukuta?

Kwa muda mrefu wengi walichukulia hivyo. Kwenye metali haiko hivyo kila mara.

Mwaka 2000 Alec Wodtke na wenzake walitumia leza kuipa molekuli ya nitriki oksaidi mtetemo mkubwa sana wa ndani, kisha wakaiacha igonge dhahabu. Ndani ya mgongano mmoja mfupi, molekuli ilipoteza zaidi ya elektronivolti 1 ya mtetemo huo. Walipoigongesha kwenye lithiamu floraidi, ambayo haipitishi umeme, karibu hakuna kilichopotea. Fononi za dhahabu ni ndogo mno kumeza kiasi hicho kwa mkupuo. Kilichopokea ni elektroni za metali: elektroni moja huruka kuingia kwenye molekuli, kisha inarudi kwenye metali ikiwa imebeba nishati.

Mwaka 2015 kundi la Wodtke, wakati huo likiwa Göttingen, likaonyesha jambo linalofanana kwa atomi za hidrojeni. Zikigonga dhahabu, zinatoka na kasi zilizopungua sana na kusambaa. Zikigonga zenoni iliyogandishwa, zinatoka karibu na kasi zilizokuja nayo.

Haya yanahusiana vipi na chupa ya chai?

Chupa ya chai ni chombo cha James Dewar cha mwaka 1892, ni kuta mbili zenye ombwe katikati. Watu wengi hudhani kadiri unavyotoa hewa ndivyo joto linavyozuiwa, kidogo kidogo. Sivyo. Ukitoa sehemu tisa kati ya kumi za hewa, uwezo wa hewa iliyobaki kupitisha joto unabaki karibu uleule: wabebaji wamepungua mara 10, lakini kila mmoja sasa anasafiri mbali mara 10 kabla ya kugongana na mwenzake.

Mabadiliko huanza pale umbali huo unapozidi nafasi kati ya kuta. Katika hewa ya kawaida ni nanomita 68 tu; katika shinikizo la milibari 10⁻³, karibu sehemu moja ya milioni ya hewa ya kawaida, ni karibu sentimita 7. Hapo molekuli inatoka ukuta wa ndani hadi wa nje bila kukutana na yeyote, na joto linalopotea linategemea mambo mawili tu: molekuli ngapi zimebaki, na kila moja inakubaliana kiasi gani na ukuta. Kizigeu cha mwafaka kimeingia jikoni. Kilichobaki ni mnururisho, na ndiyo sababu chupa za kioo hupakwa fedha.

Chupa ikipata ufa mdogo kwenye mdomo wa ombwe, chai inapoa haraka hata kama hauoni kasoro yoyote kwa nje. Hakuna dawa ya nyumbani, nunua nyingine.

Mimi ni fundi wa friji. Geji yangu ya ombwe inasoma vibaya. Tatizo ni nini?

Geji nyingi za kielektroniki zinazosoma mikroni (hapa ni kipimo cha shinikizo, elfu moja ya tor) hufanya kazi kwa wazo la Marcello Pirani la mwaka 1906: kitu kidogo kinapashwa moto, na kasi ya kupoteza joto lake kwa gesi inageuzwa kuwa shinikizo. Kwa hiyo geji haipimi shinikizo moja kwa moja. Inapima uhamishaji wa nishati kwenye uso wake. Mafuta ya pampu yakitanda juu ya kihisio, kizigeu kinabadilika na namba inapotoka. Gesi ikiwa si hewa, namba pia inapotoka. Safisha kihisio kwa njia anayoelekeza mtengenezaji, na usiweke geji karibu na mdomo wa pampu.

Na setilaiti?

Huko ndiko somo hili linakuwa la gharama kubwa, na pwani ya Kenya imo ndani ya historia yake.

Setilaiti ya obiti ya chini huenda kama kilomita 7.8 kwa sekunde. Atomi ya oksijeni inayogongana nayo kwa kasi hiyo ina elektronivolti 5 hivi, zaidi ya mara 100 ya nishati ya atomi kwenye hewa ya chumbani. Hewa ni hafifu kiasi kwamba hakuna mkondo unaozunguka chombo. Kila molekuli inafika peke yake. Ukubwa wa kani ya ukinzani unategemea jinsi inavyoondoka. Bapa lililoikabili njia, likiwa linaakisi kila kitu kama kioo, lina kizigeu cha ukinzani (namba inayopima ukubwa wa kani hiyo, si kizigeu cha mwafaka) cha 4. Bapa hilohilo, likimeza kila molekuli na kuitoa polepole kwa joto lake, lina zaidi kidogo ya 2. Ukikosea hapo, unakosea msongamano wa hewa au tarehe ambayo setilaiti itaanguka.

Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya Italia San Marco 2 ilirushwa kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ndani yake kulikuwa na mizani ya Luigi Broglio: gamba jepesi la nje limeunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonyumbuka. Hewa ya juu ililisukuma gamba, kiini kikabaki nyuma ya msukumo, na tofauti ndogo ya nafasi kati yao ikapimwa. Ni moja ya njia safi zaidi nilizowahi kusoma za kupima ukinzani angani. Lakini hata mizani hiyo ilipima kani. Kuigeuza kani kuwa msongamano kulihitaji kujua molekuli zinaliacha gamba vipi. Kituo hicho sasa kina jina la Broglio.

Katika vimo vya chini, oksijeni hunata kwenye uso wa setilaiti na kizigeu cha mwafaka hukaribia 1. Juu zaidi, oksijeni inapopungua, kizigeu hushuka. Uchafu wa Roberts umetufuata hadi obiti.

Je, kugonga kunaweza kuvunja molekuli?

Ndiyo, na mbolea inategemea hilo. Amonia hutengenezwa kwa naitrojeni kuvunjika juu ya chuma, lakini ni molekuli moja tu katika milioni moja, au hata pungufu, inayovunjika kila inapogonga. Gerhard Ertl, aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 2007, alionyesha hatua kwa hatua jinsi atomi zilizoachana zinavyokutana na hidrojeni juu ya uso hadi kuwa amonia, na kwamba kuvunjika huko ndiko kunakochelewesha kazi nzima.

Kompyuta haziwezi kukokotoa yote haya sasa?

Sehemu kubwa, ndiyo. Kwa fuwele safi na gesi rahisi, mahesabu ya atomi kwa atomi yanakaribia sana vipimo. Kwa vyombo vizima, njia aliyoianzisha Graeme Bird katika miaka ya 1960 hufuata mamilioni ya molekuli za mfano na migongano yao. Lakini kila molekuli ya mfano inapofika ukutani, programu inahitaji kuambiwa ifanye nini, na kanuni ya Maxwell ya 1879 bado inatumika, pamoja na ile ya Cercignani na Lampis ya 1971. Zote mbili zinaomba vizigeu kutoka nje. Kwa paneli iliyopakwa rangi na kuchubuliwa na oksijeni kwa miaka kadhaa, vizigeu hivyo hupatikana zaidi kwa kufuatilia jinsi setilaiti yenyewe inavyoshuka.